Shajara ya mradi: bunduki mpya ya wenzo inarudi kiwandani

Julai, mwanzoni

Bunduki imefika nyumbani, Lancaster. Ni ya wenzo, yaani ya mkono wa chuma chini ya bunduki unaouvuta na kuurudisha ili kupakia risasi inayofuata; ni ya risasi za .30-30, mtutu wa inchi 20, kitako cha mti wa jozi, na bomba chini ya mtutu linalobeba risasi sita. Bei ni dola elfu moja na mia mbili na ushee kabla ya kodi. Jina la kiwanda nalihifadhi. Shajara hii ni ya kazi, si ya kuchafuana.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wenzo wakati dunia imejaa bunduki zinazojipakia zenyewe. Kwanza ni sheria: Pennsylvania hairuhusu bunduki za kujipakia kwa kuwinda kulungu, kwa hiyo mwindaji wa hapa huchagua kati ya bolti, wenzo, au ile ya kusukuma. Pili ni mkono wangu. Mimi ni mtu wa kushoto, na bunduki nyingi za bolti zimeundwa kana kwamba watu wa kushoto hatuwindi. Wenzo unakaa katikati, chini, na hauulizi unatumia mkono gani.

Makaratasi hayakuchukua muda. Fomu ya shirikisho 4473, halafu muuzaji akapitisha jina langu PICS, mfumo wa ukaguzi wa Polisi wa Jimbo. Kwa wenzangu wenye kadi ya kijani: fomu inataka namba yako ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, basi nendeni na kadi yenyewe mfukoni. Walioko hapa kwa viza ya masomo au kazi ya muda kwa kawaida hawaruhusiwi kununua, ingawa kuna masharti machache yanayofungua mlango, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hilo muulizeni wakili.

Nimepiga picha bunduki nzima pande zote kabla ya kuipaka tone la mafuta: namba yake, mdomo wa mtutu, mbao, skrubu. Risiti nimeipiga picha pia, maana wino wa hizi risiti za dukani hufifia ukiiacha garini wakati wa joto.

Kitu kimoja kimenikera tayari. Ukiitazama kutoka nyuma, kilengeo cha mbele kinaonekana kimeegemea kulia. Shemeji anasema ni macho yangu.

Julai, wikendi iliyofuata

Uwanja wa shabaha, pamoja na shemeji. Yadi 50, karatasi mpya, maboksi mawili ya risasi za chapa mbili tofauti, zote za kiwandani, zote zenye kichwa cha gramu 9.7, yaani zile zinazoandikwa 150 kwenye boksi.

Risasi za mwanzo zote zimekwenda kushoto. Si kidogo. Nimesogeza kilengeo cha nyuma kulia, nikapiga, nikasogeza tena, mpaka kikawa kimetokeza nje ya ukingo wa mtutu, na bado alama zilikuwa kushoto ya duara jeusi. Macho yangu, shemeji.

Kisha likaja kubwa zaidi. Nilijaza bomba, risasi sita. Ya kwanza ikalia vizuri. Nikavuta wenzo chini, ganda likaruka kulia kama inavyotakiwa, nikaurudisha juu, na katikati ya njia wenzo ukagoma. Hauendi juu wala chini. Nikichungulia pembeni naona risasi moja imeinuka nusu, na chini yake inang'aa shaba ya nyingine ambayo haikupaswa kuwa pale.

Shemeji akachungulia naye. "Shemeji, imepaliwa."

Haya ndiyo yanayotakiwa kutokea ndani. Risasi zimepangwa kwenye bomba moja nyuma ya nyingine, na springi inazisukuma kuelekea kwa mpigaji. Wenzo ukifunguliwa, risasi moja tu inaachiwa irudi juu ya kipande cha chuma kinachoitwa kibebeo. Wenzo ukianza kurudi, kibebeo kinainua ile risasi ilingane na chemba, na hapo hapo pua ya kibebeo inaziba mdomo wa bomba ili ya pili isitoke. Kibebeo kikichelewa kuinuka kwa nafasi ndogo tu, ya pili inachomoza ukingo wake. Ni abiria wawili kwenye mlango wa matatu: hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, na gari haliondoki.

Kuitoa risasi hai iliyokwama si kazi ya kufanya kwa hasira. Mtutu umeelekezwa kwenye tuta wakati wote, hakuna kugongagonga, hakuna kutia bisibisi kwenye fataki, kile kidude cha kwenye kitako cha risasi kinachoiwasha. Kwenye muundo huu kuna skrubu moja inayoshika wenzo. Ukiitoa, wenzo unatoka, bolti inavutwa nyuma, na risasi zinaanguka zenyewe mkononi. Tulifanya hivyo mezani, msimamizi wa uwanja akiwa amesimama karibu. Tukairudisha, tukajaza tena, ikakwama tena.

Kwa risasi tatu kwenye bomba haikukwama. Kwa sita ilikwama mara nyingi kuliko ilivyopita. Nimeliandika hilo na boksi lililotumika.

Julai, katikati

Nimekopa pima maji dogo la fundi ujenzi anayekaa ghorofa ya chini. Bunduki tupu, imefungwa kwenye stendi ya kusafishia, nimeilaza pima maji nyuma kwenye ngazi ya kilengeo cha nyuma mpaka povu likakaa katikati. Halafu nimelihamishia kwenye ngazi ya kilengeo cha mbele. Povu limekimbilia upande mmoja moja kwa moja. Picha mbili, mandhari moja, hakuna maneno yanayohitajika.

Kwa hiyo kilengeo cha mbele kimefungwa upande tangu kiwandani. Kilengeo cha mbele kikiwa kulia, unalazimika kuupeleka mdomo wa mtutu kushoto ili kukipanga, na risasi inafuata mtutu. Ndiyo maana karatasi yangu ilitoboka upande mmoja.

Julai, siku chache baadaye

Nimempelekea fundi bunduki wa mji jirani, mzee ambaye karakana yake ina harufu ya mafuta ya kitani na kahawa iliyoungua. Hakugusa risasi hai. Alitoa risasi bandia, zisizo na baruti wala fataki, akazijaza, akavuta wenzo polepole sana huku akimulika tochi ndani. Akanionesha kwa kidole: kibebeo kinaanza kuinuka kwa kuchelewa, na kwa kuchelewa huko ukingo wa risasi ya pili tayari umeshavuka mdomo wa bomba.

"Naweza kukutengenezea hapa hapa," akasema. "Kuongeza chuma kidogo mahali pa kugusana, kupiga tupa, kujaribu. Kabla ya chakula cha mchana unaondoka nayo."

Kishawishi kilikuwa kikubwa. Nimemuuliza akiigusa kwa tupa, kiwanda kitasemaje. Akacheka. Amekataa hata kuchukua hela ya uchunguzi, akaniandikia aya mbili zenye mhuri wa karakana yake akieleza alichokiona. Bunduki ya dola elfu moja iliyotoka dukani juzi ipigwe tupa na mtu niliyemlipa mimi? Hapana. Chuma kibaya ni chao, wakibadilishe wao.

Agosti, mwanzoni

Simu kiwandani. Muziki mrefu, halafu dada mmoja mpole. Nimemweleza mambo mawili, kilengeo na kukwama. La kilengeo amelikubali mara tu nilipotuma picha za pima maji. La kukwama ameniuliza natumia chapa gani ya risasi, kisha akapendekeza nijaribu chapa nyingine aliyoitaja, "ambayo bunduki zetu huipenda."

Mtutu umechorwa .30-30 Win tu. Haujachorwa jina la chapa.

Jioni nimesoma sheria, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wetu tunanunua vitu vya bei huku bila kujua kilichoandikwa nyuma ya kadi. Sheria kuu ya waranti ya shirikisho ni Magnuson-Moss ya 1975. Haimlazimishi mtengenezaji kutoa waranti ya maandishi; viwanda vingine vya bunduki haviweki hata kadi ndani ya boksi na vinaeleza wazi kwamba sheria haiwalazimishi. Lakini akiitoa, lazima aseme ni kamili au ni yenye mipaka, na masharti yake yasomeke. Tena haruhusiwi kuifunga waranti na chapa fulani ya bidhaa nyingine, isipokuwa hiyo bidhaa aitoe bure au apate ruhusa maalumu kutoka FTC, tume ya biashara ya shirikisho. Kukataza risasi za kujazwa nyumbani ni jambo jingine, na karibu kila kitabu cha maelezo kinazikataza, kwa sababu za usalama zinazoeleweka. Zangu ni za boksi, zimetoka dukani zikiwa zimefungwa.

Chini ya hiyo kuna waranti isiyoandikwa popote, inayotokana na kanuni za biashara za jimbo: bidhaa ifae kwa kazi ya kawaida ambayo bidhaa za namna hiyo hutumika. Pennsylvania ndiyo jimbo la kwanza kuipitisha hiyo Uniform Commercial Code, 1953. Bunduki ya risasi sita inayokwama ikijazwa risasi sita haifai kwa kazi yake. Hilo halihitaji profesa.

Na kuna pengo ambalo sikulitarajia. Tume ya usalama wa bidhaa za walaji, ile inayoweza kulazimisha kiwanda cha vitanda vya watoto au cha kausha nywele kurudisha mzigo wote, haina mamlaka juu ya bunduki. Sheria yake ya 1972 iliziacha nje. Kwa hiyo bunduki mpya ikiwa na kasoro, hakuna ofisi ya serikali utakayoipigia iamuru zirudishwe. Kuna wewe, risiti yako, kiwanda, na mahakama kama mambo yakifika huko.

Nimeandika baruapepe fupi. Kasoro mbili, picha mbili, barua ya fundi, risiti. Mstari mmoja tu kuhusu sheria, mwishoni, bila kutisha. Kesho yake asubuhi lebo ya kutuma mzigo imekuja, imelipiwa.

Agosti, katikati

Kufunga mzigo. Watu wanaogopa sehemu hii kuliko inavyostahili. Mtu wa kawaida anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuituma bunduki yake moja kwa moja kwa kiwanda chenye leseni ili itengenezwe, hata jimbo jingine, na kiwanda kinaruhusiwa kuirudisha moja kwa moja kwake bila fomu mpya ya 4473. Hata posta inapokea bunduki ndefu, tupu, zinazokwenda kwa mwenye leseni. Kwa miaka mingi bastola ndizo zilizofungiwa mlango kwa watu kama sisi. Makampuni binafsi ya usafirishaji yana masharti yake yanayobadilikabadilika, na ndiyo faida ya kutumia lebo ya kiwanda: mkataba ni wao.

Bunduki tupu, imekaguliwa na mimi, ikakaguliwa na shemeji. Hakuna risasi hata moja ndani ya boksi, hata bandia. Hakuna maandishi ya nje yanayotaja kilichomo. Ndani nimeweka karatasi moja yenye jina, simu, namba ya bunduki na orodha ya kasoro, kisha nakala yake nyingine imegundishwa kwenye kitako chenyewe, kwa sababu karatasi ikianguka kwenye sakafu ya kiwanda haina mwenyewe. Stakabadhi ya mzigo nimeipiga picha palepale kaunta.

Agosti, mwishoni

Hakuna kazi ya kufanya, kwa hiyo nimesoma.

Hii namna ya bunduki ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Henry ya 1860 ilibeba risasi 16 kwenye bomba. Winchester ya 1894, kazi ya John Moses Browning wa Utah, ndiyo iliyotengenezwa zaidi ya milioni saba, na .30-30 iliingia kwenye bunduki hiyo 1895 ikitumia baruti isiyotoa moshi, jambo geni kwa risasi ya uwindaji Marekani wakati ule. Kulungu wa misitu ya hapa, ambaye mara nyingi unamwona kwa umbali wa kurusha jiwe mara mbili tatu, hajahitaji kingine tangu hapo.

Bomba hilo hilo ndilo linaloamua umbo la risasi. Kichwa cha risasi moja kinakaa nyuma ya fataki ya iliyo mbele yake. Kikiwa na ncha kali, mrusho wa bunduki unaweza kukigongesha kwenye fataki na bomba likalipuka mkononi mwako. Ndiyo maana risasi hizi zina vichwa bapa, au tangu katikati ya miaka ya 2000 zipo za Hornady zenye ncha laini inayobonyea.

Nami nimetoka Voi, kwa hiyo niruhusiwe kupotea njia kidogo. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, wiki kama saba tu baada ya kutoka ikulu, kati ya bunduki zake kulikuwa na Winchester ya 1895, ya wenzo, ya risasi .405, aliyoipendea simba. Treni yake ilipita kwetu ikielekea Kapiti. Hiyo 1895 haina bomba. Browning aliipa sanduku la risasi chini, ndiyo maana ikaweza kutumia risasi zenye ncha, na Urusi ikaziagiza karibu laki tatu wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Kenya ilifunga uwindaji 1977, kwa hiyo wenzo wa kwanza kuushika kwa mkono wangu umekuwa wa Pennsylvania, na ndio uliokwama.

Septemba

Imerudi. Karatasi ya kazi inasema: mtutu umebadilishwa, vilengeo vimepangwa, imepigwa risasi za majaribio, upakiaji wa risasi ni wa kawaida, hakuna tatizo lililoonekana.

Pima maji: povu katikati, mbele na nyuma. Mtutu mpya ni mzuri, wameufunga kwa usahihi, na ule mng'aro wa chuma unafanana na mwili wa bunduki. Kwa hilo nawapongeza bila kinyongo.

Uwanjani, yadi 50, alama zimekaa pamoja karibu na katikati. Kisha nimejaza sita. Imekwama kwenye ya pili.

Shemeji hakusema kitu. Alitoa bisibisi kabla sijaiomba.

Septemba, usiku

Maneno "hakuna tatizo lililoonekana" yamenikaa kichwani. Siamini kwamba wamenidanganya. Naamini kabisa mtu alisimama kwenye chumba cha majaribio, akajaza bomba, akapiga, zikapita zote. Basi swali si kama kuna kasoro. Swali ni wao wamefanya nini ambacho mimi sifanyi.

Nimetandika gazeti mezani na kuweka kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Upeo wa urefu wa risasi ya .30-30 kwa vipimo vya SAAMI, chombo cha watengenezaji kilichoanzishwa 1926, ni inchi 2.550, karibu milimita 65. Nimepima risasi zote nilizonazo. Chapa ya kwanza, ile inayokwama, iko karibu na 2.50. Ya pili iko karibu na 2.54. Tofauti ya milimita moja hivi. Nimerudi kwenye maandishi yangu ya Julai: karibu kukwama kote kumeandikwa kando ya boksi la kwanza. La pili lilikwama mara chache, na kila mara bomba likiwa limejaa.

Milimita moja ndiyo hadithi yote. Risasi iliyo juu ya kibebeo ndiyo inayoizuia inayofuata isije. Ikiwa fupi, ya pili inasogea zaidi kuelekea kwa mpigaji kabla kibebeo hakijaamka. Bomba likiwa limejaa, springi imebanwa mpaka mwisho na inasukuma kwa nguvu zaidi. Bunduki yenye kibebeo cha wakati sahihi inavumilia hilo, kwa sababu zote mbili ni risasi halali za dukani. Yangu haina nafasi ya kuvumilia. Kiwandani wamejaribu kwa risasi ndefu, nina hakika, pengine hiyo hiyo chapa ambayo bunduki zao huipenda.

Septemba, siku iliyofuata

Video, na hii ndiyo kazi niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote. Risasi bandia zilizofupishwa na yule fundi mzee mpaka urefu sawa na wa zile zinazokwama, kila moja ikioneshwa mbele ya kamera ikiwa ndani ya kalipa, namba zikisomeka. Bunduki kwenye stendi, namba yake ikionekana, mtutu kuelekea ukuta wa zege wa gereji. Shemeji ameshika simu kutoka upande wa dirisha la kutolea maganda, tochi imefungwa kwa selotepu kwenye kiti.

"Usitikisike, shemeji."

"Mimi sitikisiki, wewe ndiye unavuta kwa hasira."

Tumevuta polepole. Unaona ukingo wa risasi ya pili ukitokeza chini ya kibebeo kabla hakijainuka, wazi kama mchana. Tumerudia kwa bandia ndefu: zinapita. Tukarudi kwenye fupi: imekwama. Hakuna muziki, hakuna maelezo marefu, dakika mbili.

Nimeituma kwa yule dada mpole pamoja na jedwali la vipimo, na ombi moja limeandikwa kwa herufi za kawaida: naomba fundi ajaribu kwa risasi za urefu huu, sita ndani ya bomba, wenzo ukivutwa polepole. Safari hii amenipigia yeye. Amesema ameionesha mezani kwa mafundi na mmoja wao ameomba aifanyie kazi mwenyewe. Lebo imekuja mchana huo.

Oktoba

Iko kwao. Leseni ya uwindaji ninayo, kozi ya usalama ya Game Commission, tume ya uwindaji ya jimbo, nilishaimaliza, fulana ya rangi ya machungwa imetundikwa nyuma ya mlango. Msimu wa bunduki wa kulungu huanza Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Novemba. Umekuwa hivyo tangu 2019, kabla ya hapo ilikuwa Jumatatu, na wazee wa hapa bado wanaizungumzia ile Jumatatu kama sikukuu waliyonyang'anywa.

Nimewaandikia mara moja kuuliza. Wamejibu kwamba kipande kimeagizwa kutoka idara nyingine. Shemeji ameanza kutafuta bunduki ya kukopa, kimyakimya.

Novemba, wiki ya pili

Imerudi, na karatasi ya kazi sasa ina maelezo ya mtu, si ya mashine. Kibebeo kimebadilishwa, kimepangwa kwa mkono. Springi yake imebadilishwa. Mahali pa kugusana kwa wenzo na kibebeo pamerekebishwa. Imejaribiwa kwa risasi fupi na ndefu, bomba likiwa limejaa. Fundi ameandika kwa kalamu pembeni kwamba kibebeo cha awali kilikuwa nje ya kipimo. Wameambatanisha na karatasi ya shabaha.

Kabla ya uwanja, mezani: risasi bandia fupi, sita, wenzo polepole. Nimemulika tochi. Pua ya kibebeo inaziba mdomo wa bomba mapema, na ukingo wa risasi ya pili unabaki ndani. Nimevuta kwa haraka. Nimevuta nusu nikasita, kisha nikamalizia, kama mtu aliyeona kulungu akabadili mawazo. Zimepita zote.

Uwanjani nimemaliza maboksi yote mawili, fupi na ndefu, bila kuitoa ile skrubu. Yadi 100, nikiwa nimeegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, alama zinakaa ndani ya upana wa kiganja, na kwa vilengeo vya chuma vya kawaida sitaki zaidi. Wenzo bado ni mgumu kidogo mwanzoni mwa njia, nadhani kwa sababu kibebeo ni kipya. Kuna mkwaruzo mdogo kwenye kitako, karibu na skrubu ya nyuma, ambao haupo kwenye picha zangu za Julai. Nimewaandikia, na picha zote mbili.

Novemba, kabla ya Thanksgiving

Majibu ya mwisho. Mkwaruzo: wamejitolea kubadilisha kitako, lakini bunduki irudi kwao tena. Nimesema asante, baada ya msimu. Niliomba pia fidia ya risasi nilizotumia kuthibitisha kasoro yao, na risiti nikaambatanisha, maboksi ya .30-30 si bei ya karanga. Wamekataa kwa upole, wakasema waranti haigusi risasi, na kwa kunijali wametuma zawadi.

Zawadi imefika leo. Ni kofia yenye nembo ya kiwanda, nzuri, ya kahawia na kijani. Shemeji ameichukua kabla sijamaliza kuifungua. Nimemkumbusha kwamba msimu wa bunduki hapa unadai inchi za mraba 250 za rangi ya machungwa kichwani, kifuani na mgongoni kwa jumla, na kofia hiyo haina hata moja. Amesema ataivaa kazini.